Hekalu la Mche wa Sabuni

Wiki iliyopita mama alinituma nimnunulie mche wa sabuni ya kijani. Mashine ya kufulia anayo, lakini kola, anasema, zinataka sabuni ya kijani na mkono. Harufu yake ilinipanda puani pale pale dukani, nikasimama kama mjinga huku watu wananipita. Ngoja nikwambie kwa nini.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini mwa Afrika nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Point, mtaa wa karibu na bandari, ghorofa ya tatu, mimi na mama, tuliotoka Bujumbura. Yeye alisuka watu nywele mjini. Mimi Jumamosi nilifua sare zangu. Mlango wa pili alikaa babu mmoja wa Kihindi, aliyechonga mawe ya makaburi maisha yake yote mpaka macho yalipoanza kumwacha. Kwake kulinukia binzari iliyokaangwa, na ukutani palikuwa na picha iliyofifia: hekalu la Ellora kule India, refu kama jengo letu, na lote ni jiwe moja.

"Hili halikujengwa," aliniambia kwa ukali, utadhani nilibisha. Watu walipanda juu ya mlima, wakachimba mitaro mirefu pande tatu, likabaki bonge la mwamba katikati. Kisha wakachonga paa. Paa kwanza! Wakashuka polepole, vyumba, nguzo, ngazi, hadi chini kabisa, wakatoa tembo waliobeba hekalu zima mgongoni. Aliyeanza paa huenda hakuwaona tembo wale. Na hakukuwa na kubandika: mkonga ukikatika, umekatika.

Babu hakuwahi kufika huko. Kila alipopanga safari palitokea msiba wa mtu, na jiwe la kuchonga. Sasa hata angefika asingeona, kwa hiyo alitaka walau kulishika. Akanipa kisu cha kumenyea matunda na kipande kinene cha mche wa sabuni, nimchongee hekalu dogo. Kila Jumamosi nikishaanika nguo nilichonga mezani kwake. Alipitisha kidole gumba, akasema "zaidi" au "acha", basi. Baada ya miezi miwili walibaki tembo tu. Jumatatu binti yake angekuja kumpeleka kulazwa hospitali, moyo wake ulikuwa umechoka. "Jumapili niletee tembo," alisema.

Nililipeleka hekalu nyumbani nikalimalizie. Nilikuwa kando ya beseni, tembo wa kwanza ameshapata masikio, mama akaingia, amerudi mapema. Kanisani kwetu mchungaji alikuwa amehubiri Jumapili mbili mfululizo dhidi ya sanamu, na mama aliitikia amina kuliko wote.

"Iyo iko nini mu mukono?"

"Ni sabuni tu, mama."

Aliendelea kunitazama. Basi, ili aniamini, nikalichovya hekalu majini na kuanza kufua shati. Nilisugua kola kwa zile nguzo. Tembo alikwisha kabla ya kola ya pili. Mama akavua viatu, akaenda kulala.

Jumapili nilimpelekea babu kilichobaki. Alikigeuza, kidole gumba kikatafuta chini, kikatafuta tena.

"Mvua?" aliuliza.

"Ndiyo, babu."

"Hata kule mvua imekula nyuso nyingi," akasema, akakitia mfukoni. Nililia, naye akadhani nalilia safari yake ya hospitali. Hakurudi kutoka hospitali. Picha ile sijui ilienda na nani. Jengo limepakwa rangi, wanakaa watu wasiojuana, na binzari haisikiki tena kwenye korido.

Nilipompelekea mama sabuni yake wiki iliyopita, nilimweleza yote. Miaka yote hiyo sikuwahi. Alilikunja shati lililokuwa mapajani.

"Naikumbuka," akasema. "Ilikuwa muzuri sana, mwanangu. Nilitaka kukuuliza ni nani alikufundisha. Kisha nikaona unafulia, nikasema, eish, basi kweli ni sabuni."

Nilikata kipande cha ule mche, nikakaa jikoni kwake na kisu, nikaanza na paa, nikashuka. Paa lilitoka vizuri, na nguzo pia. Nilipofika kwa tembo nilisimamisha kisu. Sikujua nizidishe au niache, na hapakuwa na kidole gumba cha babu cha kuniambia.