Taa ya Upepo Kwenye Gari la Bi Bahiya

Saa moja asubuhi, Mikocheni. Leodegar amepiga magoti kando ya gari jeupe, geji mkononi, anapima tairi la nne. Upepo umetimia, kama kwenye yale matatu ya mwanzo. Ndani, kwenye dashibodi, taa ya njano ya upepo wa tairi bado inawaka.

"Haya fundi, leo nimekanyaga nini?" anauliza Bi Bahiya, mwenye duka la vitambaa, bila kushuka.

"Hujakanyaga kitu. Taa inakuzulia tu."

Fundi huyu wa pancha, mwenye miaka sitini na moja, hupokea magari ya namna hii karibu kila siku. Sensa, kidude cha kupima upepo kilicho ndani ya tairi, ikiishiwa betri, taa huwaka ingawa tairi ni zima. Akisema hakuna pancha, wengine humjia juu.

"Kijana mmoja kaniambia, 'Mzee wangu, gari wameunda Wajapani, we unabishana nalo?' Akaenda kwa mwingine, akazibiwa tundu ambalo halikuwepo," anasimulia. Siku hiyo Leodegar alirudi nyumbani na shilingi elfu sita tu.

Nyumbani ni chumba kimoja, Kawe. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na watoto wako Masasi. Jioni hufungua redio ili pawe na sauti ya mtu.

Kwa ajili ya taa hiyo, Bi Bahiya huja mara mbili kwa wiki. Humimina chai ya tangawizi kutoka chupa yake, na kumsimulia vituko vya wateja wake mpaka Leodegar acheke.

"Wiki tatu sasa najua ni sensa moja imekufa," anakiri kwa sauti ya chini, Bi Bahiya akiongea na simu garini. "Nimenyamaza. Nikimwambia, atabadilisha, hatakuja tena."

Simu inakatika. Leodegar anasimama, anafuta mikono kwenye suruali; siri imemchosha, anamwambia Bi Bahiya yote.

"Wiki tatu!" Bi Bahiya anamkazia macho. "Naendesha roho mkononi, kumbe mwenzangu wajua?"

"Nisamehe, dada."

"Jumamosi uniwekee sensa mpya." Anawasha gari, anaondoka. Chai haijamiminwa.

Leodegar anakaa kwenye tairi kuukuu, anatazama barabara. Jumamosi, anasema, ataifunga sensa hiyo kwa mkono wake, wala hatatoza ufundi.

"Taa ikishazima, siku atakayosimama hapa nitajua amekuja mwenyewe, hakuletwa na taa."