Mbwa wa Pilipili

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa pale Rungwe Mpya, watu walipanga foleni na mbwa wao kwenye kamba. Mwenye duka mmoja akaja mikono mitupu.

"Mzee, mbwa wako yuko wapi?" daktari wa mifugo akamuuliza.

"Nimemwacha nyumbani. Yule nimemlisha pilipili na nyigu tangu mdogo, ndiyo maana wezi wanapita mbali. Wewe ukimchoma sindano, atapoa. Mbwa aliyepoa ana kazi gani?"

Alisema hayo akijipiga kifua, utadhani aliyekula nyigu ni yeye. Na watu wakavuta kamba zao, wakarudi na mbwa nyumbani! Daktari hawakumwamini. Wakamwamini mwenye duka, muuza sabuni.

Wiki iliyopita nilimkuta mzee huyo hospitalini Kasulu, mguu umefungwa bandeji, mkewe kando yake. Mbwa wa pilipili alikuwa ameanza na mwenye mbwa.

"Huyo mbwa amechanjwa?" nesi akauliza.

Mzee akatazama dari.

"Basi, baba, utachomwa wewe. Na utarudi tena na tena mpaka dozi iishe."

Bwana yule alikunja shati hadi begani kabla nesi hajagusa bomba la sindano. Siku hiyo sindano haikuwa na ubaya wowote.

Mkewe akamsogelea nesi. "Mwanangu, eti hiyo dawa inapoza ukali?"

"Hapana, mama. Inamkinga na kichaa tu."

Mama akaguna. "Na mimi nilishaanza kufurahi."