Kiti cha Ndege Hakinyauki

"Hivi wewe, ndugu yako wa tumbo moja yuko huko ng'ambo anapofuka, na wewe uko hapa unasugua sufuria?"

Swali hilo muuza mkaa wa mtaani kwetu alimwuliza jirani yangu asubuhi moja, mbele ya watu. Muuza mkaa hana roho mbaya, ila ulimi hauna mfupa. Jirani yangu alibeba mkaa wake, akaja moja kwa moja kwangu, akaketi kwenye kigoda cha jikoni na kulia mpaka upindo wa gauni lake ukalowa.

Jirani yangu huyu ni mpishi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba zetu. Watoto wamempa jina la Bi Masufuria, kwa sababu haruhusu mtu mwingine yeyote kuosha masufuria yake. Ni mjane. Anaishi na mwanawe wa kiume ambaye ni dereva wa lori, na mkamwana wake ambaye ni msusi. Ana dada mmoja tu duniani. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule. Baadaye dada aliolewa ng'ambo, mahali pasipofikiwa kwa basi, na huko ndiko macho yalikoanza kumwisha. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba mwanga uliobaki hautamaliza mwaka.

Siku dada alipopiga simu ya video kutoa habari hizo, nilikuwapo. Alisema, "Mdogo wangu, kwenye simu naona ukungu tu wenye sauti yako. Lakini mtu akinisogelea dirishani, karibu kabisa, sura bado naipata. Njoo nikuone."

Basi shida yote ilikuwa nauli.

Bi Masufuria alivunja kibubu chake. Mwanawe akaongeza, na sisi wanawake tunaosali naye tukaongeza tulichojaliwa. Tukaenda wawili kwenye ofisi ya tiketi, mjini, ghorofa ya pili, mahali penye picha ya ndege ukutani na viti vinavyoteleza. Karani alikuwa kijana mpole mwenye tai. Bi Masufuria akamwambia anataka kusafiri shule ikifunga. Kijana akabonyeza, akataja bei. Kibubu chetu hakikufika hata nusu ya safari.

"Punguza kidogo, mwanangu."

"Mama, si mimi ninayepanga. Ni kompyuta."

"Basi iambie kompyuta ipunguze."

Karani alicheka kwa adabu. Bi Masufuria hakucheka. Alisimama, akafunga mkoba wake, akasema, "Haya, nitarudi," kwa sauti ile ile anayoitumia sokoni muuzaji akileta ukaidi.

Njiani akanieleza hesabu yake. Yeye ndiye anayenunua mboga za shule, na haendi sokoni asubuhi hata siku moja. Anakwenda jioni, nyanya zikiwa zimechoka na muuzaji anawaza kurudi nyumbani. Jioni muuzaji ndiye anayekubembeleza. "Na kiti cha ndege ni hivyo hivyo," aliniambia. "Ndege ikiruka na kiti kitupu, hicho kiti kitamfaa nani? Tusubiri siku ikaribie. Watatuita wenyewe."

Hata mimi niliona ana hoja. Tukasubiri. Kila nilipomwombea, nilimwomba Mungu alainishe mioyo ya wenye ndege.

Likizo ilipokaribia tukapanda tena ile ghorofa ya pili. Karani akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. Bei ilikuwa imepanda. Haikupanda kidogo, mpenzi msomaji. Ilipanda kama iliyokuwa ikikimbizwa.

"Umenipandishia kwa sababu niliondoka?" Bi Masufuria aliuliza.

"Hapana, mama. Siku ikikaribia, bei inapanda. Kiti cha ndege si nyanya, hakinyauki."

"Huo ni uuzaji wa wapi? Kitu kinakaribia kukuharibikia, wewe ndiyo unapandisha?"

"Anayenunua siku ya mwisho huwa hana la kufanya, mama. Wanajua atalipa tu."

Tulipokuwa tukishuka, kwenye ngazi ya mwisho akasema, "Yaani wanamngoja mwenye msiba." Likizo ile ilipita, na dada akawa haoni tena kwa jicho la kushoto.

Mkamwana ndiye aliyesema tuachane na ofisi, tutafute kwenye simu yake, tukilenga likizo inayofuata. Tukawa tunakaa saluni kwake wateja wakipungua, Bi Masufuria chini ya ile mashine ya kukaushia nywele kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Siku moja mkamwana akapiga kelele. "Mama! Hii hapa, rahisi!" Mimi nikainua mikono kushukuru. Nilishukuru mapema.

"Soma vizuri," mkwe wake akamwambia.

"Ndege ya kwanza, sawa. Unashuka, unalala hapo uwanjani."

"Nalala wapi?"

"Kwenye benchi, mama."

"Haya, benchi nimelizoea. Endelea."

"Ndege ya pili. Unashuka tena, nchi nyingine. Hapo wanataka viza ya kupita tu."

"Viza ya kubadilisha ndege? Sitoki hata nje ya mlango!"

"Ndiyo hivyo. Halafu ndege ya tatu. Na mzigo hauruhusiwi, ni mkoba wa mkononi peke yake."

"Na nguo za kumpelekea dada?"

"Utazivaa zote, mama. Utaingia kwenye ndege kama gunia la mitumba."

Mteja aliyekuwa anasukwa alicheka mpaka msuko ukaenda upande. Walipomaliza kubishana kuhusu viza, mkamwana akatazama tena, na hiyo bei haikuwapo. Palikuwa na nyingine, kubwa zaidi, na maandishi mekundu yakisema viti vimebaki viwili.

"Inatusikia," Bi Masufuria alinong'ona. Akaichukua simu, akaifunika kwa taulo la saluni, kisha akamwambia mkamwana kwa ishara atafute kwingine. Mkamwana akamwuliza atafuteje na simu iko chini ya taulo. Hapo sote tulicheka, hata yeye, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Ilikuwa hivyo juma baada ya juma. Tukipata bei, haina mzigo. Tukipata yenye mzigo, inataka kadi ya benki. Tukimpata mwenye kadi, bei imeshatoroka.

Halafu siku moja kidole cha mkamwana kikateleza kikagusa tarehe ambayo shule imeshafunguliwa. Bei ikaanguka. Ndege ile ile aliyotutajia karani, njia moja fupi, mzigo wake ndani, na kibubu kinatosha na kubaki.

"Hii imekosea," Bi Masufuria alisema.

Mkamwana akajaribu juma jingine la masomo. Rahisi. Jingine tena. Rahisi. Akarudi kwenye likizo. Moto. Akaweka simu mapajani, akamtazama mkwewe. "Mama, wenye watoto wote wanasafiri shule zikifunga. Ndiyo maana. Watoto wakirudi darasani, ndege zinabaki na nafasi."

Bi Masufuria alikaa akitazama sakafu iliyojaa nywele. "Kwa hiyo nikiwa huru mimi, dunia nzima iko huru. Na bei ikishuka, mimi niko jikoni. Sina hata mtoto mmoja shuleni, lakini nimefungwa kwa kengele ya watoto wa watu."

"Si uombe ruhusa?"

Mkamwana alikuwa mgeni katika nyumba ile, hakuyajua yote. Tangu aanze kazi ile, Bi Masufuria alikuwa hajawahi kuomba ruhusa muhula ukiendelea. Hata mumewe alifariki wakati wa likizo, na watu wakasema marehemu alimstahi mkewe mpaka mwisho. Katika mkutano wa wazazi Mwalimu Mkuu alimsimamisha akasema, "Mama huyu akikosekana siku moja, shule imefungwa." Watu wakapiga makofi. Sifa ile ilimpendeza, kisha ikamkaa mguuni kama pingu. Halafu kulikuwa na mpishi wa zamani aliyeomba ruhusa akamwuguze mwanawe, akarudi akakuta aproni yake imevaliwa na mtu mwingine. Na msaidizi wake wa sasa, ambaye ni mtu mzuri sana, hutia chumvi kama anayehifadhi samaki.

Siku zile alikasirika na kila kitu. Alikasirika na karani, na likizo, na muuza mkaa, na mwisho akawa anajikasirikia mwenyewe, jambo ambalo halikunisaidia mimi wala yeye. Tulisali pamoja, nami sikujua niombe bei ishuke wakati wa likizo au yeye apate moyo wa kugonga mlango wa Mwalimu Mkuu.

Jibu lilikuja kwa simu. Dada alipiga siku ya mapumziko tukiwa tumekaa uani. Zamani, kabla hata ya salamu, alikuwa akianza na nguo za mdogo wake: hilo gauni halikupendezi, hicho kilemba umekifunga vibaya. Siku hiyo walisalimiana, wakaulizana hali, kisha dada akauliza taratibu:

"Mdogo wangu, leo umevaa nini?"

Bi Masufuria alimweleza. Rangi, kola, vifungo. Alipokata simu akaniambia, "Kesho unisindikize."

Kesho yake watoto walipomaliza uji, alivua aproni, akaikunja, akaiacha juu ya meza ya jikoni. Nilimsindikiza hadi kibarazani. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mwalimu Mkuu alikuwa anaandika, na alipomwona akatabasamu bila kuweka kalamu chini.

"Bi Masufuria! Kuna nini, mkaa umeisha?"

"Mkaa upo, mwalimu."

"Maharage?"

"Yapo pia."

Akaweka kalamu. Alikuwa hajawahi kumwona pale bila aproni. Jirani yangu aliishika mikono yake mbele, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, lakini uso aliuinua.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya siku kumi, shule ikiwa wazi, siyo likizo. Likizo nauli siiwezi. Nataka dada yangu anione angali anaona."