Baiskeli ya Gia Kumi Iliyobaki na Moja

Msimu wa mavuno Basotu ulianza na harufu. Kabla hujaona vumbi la mashine upande wa mashambani, pua ilikwisha kupata habari: makapi makavu ya ngano, dizeli, na udongo uliopigwa jua tangu masika yaishe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasoma darasa la sita, na kwetu watoto hakukuwa na wakati mzuri kuliko ule. Ngano ya shamba la serikali ilianza nyuma ya nyumba zetu ikaenda mpaka macho yakachoka, na mlima Hanang' ulionekana kama umesimama mwisho wa shamba. Baba yangu alikuwa dereva wa mashine kubwa ya kuvunia. Aliondoka alfajiri, akarudi na makapi masikioni na ndani ya soksi, na mama alimkataza kukaa kitandani kabla hajajikung'uta. Mama hakuwa na kazi ya mshahara. Alilima, alifuga kuku na mbuzi wachache, na mwanamke yeyote aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, awe mkulima mwenzetu au mfugaji wa Kibarbaig wa maboma ya uwandani, yeye ndiye aliyeitwa.

Mwaka huo kijiji kilitakiwa kuchagua mhudumu wa afya. Angefundishwa kazi kwa miezi michache, kisha awe anachukua dawa zahanati ya upande wa pili wa mashamba na kuzipeleka nyumba kwa nyumba. Kila mtu alijua kuwa mama ndiye anayefaa, lakini mkutanoni alisimama kijana mmoja mwenye baiskeli nyeusi, mpya, yenye kengele mbili. Hakuwahi hata kumfunga mtu kidonda. Mwenyekiti alisema mambo mazuri mengi juu ya mama, kisha akauliza mhudumu anayetembea kwa miguu atafikaje zahanati na kurudi siku hiyo hiyo, wakati njia inazunguka mashamba yote. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa chini na watoto wenzangu, nikamwona mama akiinuka, akafunga vizuri kitenge chake kiunoni.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "baiskeli hata mimi ninayo."

Watu walicheka, na baba alicheka zaidi yao, kwa sababu aliijua baiskeli yenyewe. Mwenyekiti hakucheka. Alisema uamuzi usubiri Jumamosi ijayo, na mama aje na hiyo baiskeli yake.

Hiyo baiskeli ilikuwa imetundikwa ghalani kwetu mwaka mzima. Ilikuwa ya mtaalamu mmoja wa kigeni aliyefanya kazi shambani. Siku alipomaliza mkataba wake alimwachia baba, kwa kuwa walizoeana. Ilikuwa ya rangi ya kijani, nyembamba na nyepesi kama mbuzi mwenye njaa, na ilikuwa na gia kumi. Vigurudumu vya meno vilikuwa viwili mbele na vitano nyuma, na pembeni kulikuwa na vijiti vya kuhamishia cheni. Baba aliiendesha miezi miwili kwa majivuno makubwa, mpaka siku alipogonga jiwe na kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kikajikunja na kuingia katikati ya spoku. Kipuri chake hakikupatikana Katesh wala Mbulu, na wale aliowauliza Arusha walishangaa tu. Akaitundika. Kwa baba, baiskeli ya gia kumi iliyopoteza gia haikuwa baiskeli tena.

Jioni ile mama alimwomba. Baba alikuwa anakula, akamwangalia kama anayedhani utani wa mkutanoni bado unaendelea. "Mama Yustina," alisema, akimwita kwa jina langu, "ukiweza kuitembeza hiyo, ni yako."

Nafikiri usiku ule sikulala sawasawa kwa furaha. Kesho yake, baada ya kanisa, mimi na mama tuliishusha, tukaipangusa utando wa buibui na kinyesi cha kuku, tukaisukuma mpaka kwa Fundi Bura karibu na ziwa. Fundi Bura alikuwa mzee mfupi aliyetengeneza baiskeli za wavuvi chini ya kibanda cha mabati, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yote kwenye baiskeli. Aliizunguka mara mbili. Alituambia kuwa hajawahi kuwa na vipuri vya kitu kile na hatakuwa navyo, lakini kwamba baiskeli haihitaji gia kumi ili itembee. Inahitaji moja. Kila kilichozidi tukitoe.

Sitasahau raha ya kutoa vitu. Nilipewa spana na koleo, nikakata nyaya zilizoshika kutu, nikang'oa vijiti, nikafungua kile kidude kilichojikunja, na kila kilichodondoka chini kiliifanya baiskeli ionekane safi zaidi. Kilichobaki ni fremu, magurudumu, breki na cheni iliyoning'inia kama utumbo, kwa kuwa sasa ilikuwa ndefu kupita kiasi. Fundi aliilaza juu ya nati kubwa ya trekta, akachukua msumari aliousaga ncha, akapiga nyundo mara tatu, na pini ikatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine yake ya kukatia cheni. Akaniuliza cheni iwekwe kwenye meno yapi ya nyuma. Yeye alitaka kuona kama nina akili, na mimi nilitaka mwendo wa kasi, kwa hiyo nikachagua kigurudumu kidogo kuliko vyote, kile cha nje kabisa. Mbele tuliacha kile kidogo cha ndani, maana mama angepanda vilima. Fundi aliguna, lakini alikata cheni kama nilivyosema. Vipande vilivyobaki nilivitia mfukoni kwa sababu viling'aa. Alipoulizwa malipo, alisema mama ndiye aliyempokea mjukuu wake duniani, na kati yao hakuna kudaiana.

Mama hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Jumatatu na Jumanne tulikwenda kwenye mteremko mpole unaoelekea ziwani, tukaitoa cheni kwanza ili ajifunze kukaa bila kuhangaika na pedali. Alivaa ovaroli ya zamani ya baba, akajifunga kitenge juu yake ili majirani wasipate la kusema, nao wakapata la kusema vilevile. Nilimshikia kiti nikakimbia naye, nikamwachia, akaanguka. Akainuka, tukapanda tena mteremko. Kufika Jumanne jioni aliteremka mpaka chini peke yake, miguu imetanuka, anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Wanawake wawili wa Kibarbaig waliokuwa wakinywesha ng'ombe walisimama kumtazama, na mmoja wao, ambaye mama alimzalisha mapacha, aliacha ng'ombe wake akaja kuushika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayepima uzito wa ndama.

Jumatano tuliirudisha cheni. Mama alikanyaga pedali, na kwa hatua kama hamsini baiskeli ilikwenda vizuri ajabu. Kisha ikaanza kulia. Cheni iliondoka kwenye meno madogo ikapanda yenyewe kwenye meno makubwa ya pembeni, ikakaza kama kamba ya mbuzi aliyezunguka mti, na mama aliposhindilia mguu ikakatika. Alianguka ubavu, goti likachanika. Alikaa chini akilishika goti lake, nami niliokota cheni iliyokatika, nikijua kuwa meno yale niliyachagua mimi. Mama alisema polepole, akitazama cheni na siyo mimi: "Haijakataa kwenda. Imekataa kupita hapo. Sasa tuangalie inataka kupita wapi."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi ukubwani, lakini wakati ule lilinirudishia pumzi tu. Tuliigeuza baiskeli miguu juu uani kwetu. Nilitazama mbele, nikatazama nyuma, na nikaona nilichopaswa kuona tangu siku ya kwanza: kigurudumu cha mbele kilikuwa ndani, cha nyuma nilichochagua kilikuwa nje, na cheni ilikuwa ikienda upande kama mbwa anayekimbia. Nilimwomba mama uzi wa kushonea. Yeye alibana ncha moja kwenye meno ya mbele, nami nikaunyoosha kwenda nyuma bila kuupinda. Uzi ulifika kwenye kigurudumu cha kati, cha tatu kutoka nje. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Alhamisi niliomba ruhusa ya mwalimu, nikakimbia mpaka kwa Fundi Bura na cheni shingoni na vipande vyangu mfukoni. Kigurudumu cha kati kilikuwa kikubwa zaidi, kilihitaji cheni ndefu zaidi, na vile vipande ndivyo vilivyotosha. Fundi alisikiliza habari ya uzi mpaka mwisho, kisha akanipa nyundo na ule msumari, akasema nipige mwenyewe. Nikapiga. Alinionyesha jinsi ya kuvuta gurudumu la nyuma ndani ya tundu lake refu mpaka cheni ikaze kiasi cha kidole, ndipo nati zifungwe. Ijumaa mama alizunguka kijiji mara nne, na cheni haikutikisika.

Jumamosi mkutano ulijaa. Kijana wa kengele mbili alikuwapo. Mwenyekiti aliitazama baiskeli yetu iliyonyonyoka, akasema kuna boksi la dawa za malaria zahanati linasubiri mtu. Mama alichukue, nao wataendelea na mambo mengine. Kama atarudi kabla hawajafunga, basi kazi ni yake. Mama alikunja kitenge, akapanda mara moja bila kushikwa, akaiacha njia inayozunguka, akashika ile ya matrekta inayokata katikati ya ngano, ambayo hufunguka wakati wa mavuno tu.

Nilipanda juu ya tela lililoegeshwa pembeni. Nilimwona akipungua mpaka akawa nukta, nukta ikaisha. Mkutano ukajadili josho, ukajadili choo cha shule, na mimi sikusikia neno. Jua lilihama. Ndipo nikaona vumbi dogo, na mbele yake nukta, na nukta ikawa na miguu inayozunguka. Lakini kati yake na sisi mashine ya kuvunia ilikuwa inakaribia kukata njia, pana kama nyumba, na mashine zile zikishaingia mstari hazisimami. Niliijua namba yake. Ilikuwa ya baba. Nilishika ukingo wa tela. Mashine ilipunguza mwendo, ikasimama kabisa katikati ya mstari, vumbi likaipita mbele. Baba alitoka kwenye kiti chake akasimama juu, akavua kofia, na mama akapita chini yake na boksi kwenye keria, bila kupunguza mwendo.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Shamba lile la serikali halipo tena kama tulivyolijua. Palipokuwa na ngano tupu leo utaona mahindi na alizeti, na pikipiki zinapita kila dakika. Mgonjwa anafikishwa zahanati kabla chai haijapoa, na siutamani wakati ambapo wanawake walibebwa kwenye machela ya miti wakazunguka mashamba. Nikipata hamu, ni hamu ya wiki ile moja. Mwaka jana nilikuwa nyumbani wakati kijiji kinachagua tena mhudumu. Mama yangu, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikaa mstari wa mbele. Alisimama msichana wa miaka ishirini na mbili, na swali aliloulizwa lilikuwa moja tu: anaweza kuanza lini.