Kundi Bora, Watu Wazima

Kombe ambalo kwaya ya watu wazima ya Louisville ililiinua mbele ya madhabahu kiangazi kilichopita, akina mama wakipiga vigelegele na mchungaji akilibariki kwa mikono miwili, lilitengenezwa kwa ajili ya sherehe ya tuzo za filamu za ngono. Nina hakika, kwa sababu makombe ya sherehe hiyo nayafungasha mimi. Lakini aliyelisema jambo hilo si mimi. Alilisema mtu mwingine, na hadi leo hajafunga ndoa.

Nieleze kwa mpangilio. Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo, kuna kiwanda kidogo cha makombe na ngao za tuzo. Wafanyakazi wengi ni Warundi tuliokulia kambini Kigoma na Wakongo wa milima ya Kivu Kusini. Tunatengeneza makombe ya shule, ya mawakala wa bima, ya watu waliofuga mbwa mzuri kuliko wa jirani. Wamarekani hupeana makombe kwa kila kitu. Nimewahi kufungasha la mtu aliyekula soseji nyingi kuliko wenzake. Na mara moja kwa mwaka huja oda kubwa kuliko zote, ya sherehe ambayo jina lake kwa kifupi ni herufi nne. Sitaziandika hapa. Msomaji anayezijua atajifanya hazijui, na asiyezijua atakwenda kuzitafuta.

Karatasi ya kufungashia huandika jina lote kwa kirefu, ndivyo nilivyojua. Msimamizi wetu hana aibu na mteja yule. Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliiweka sherehe yenyewe kwenye televisheni ya chumba cha kulia, tuone kazi ya mikono yetu. Nilijiandaa kuinamisha kichwa. Nilichokiona ni mkutano mkuu wa kanisa. Watu wamevaa vizuri, meza zina vitambaa vyeupe, mshereheshaji haachii kipaza sauti na kipaza sauti chenyewe kinakwaruza. Kuna tuzo ya chipukizi, tuzo ya utumishi wa muda mrefu, tuzo ya aliyewasaidia wengine kung'ara. Mshindi anapanda, analia, anamshukuru Mungu kwanza, mama yake pili, mpiga picha tatu. Mmoja alishukuru mpaka wakampigia muziki ashuke. Msimamizi hakusikiliza neno. Alituonyesha kwa kidole kitako cha kombe, akasema mwaka huu hakiyumbi. Kwa sherehe ya watu wale, nadhani ndicho kitako pekee kilichotajwa siku ile.

Mzee wa kanisa letu la Buffalo yuko kiwandani hapo hapo, idara ya kung'arisha. Hakuiona sherehe hiyo. Mchana yeye hula ndani ya gari lake akisikiliza mahubiri.

Kila mwaka makanisa yetu matatu, la Louisville, la Columbus na la Buffalo, hukutana kushindanisha kwaya. Tunaliita tamasha la sifa, kwa kuwa mashindano yanaleta kiburi. Waamuzi hulala na kula kwa wenyeji, na wenyeji hushinda, nasi wageni husema Bwana apewe sifa na kununa njia nzima kurudi nyumbani. Zawadi ndizo zilizotushinda. Mwaka mmoja ilikuwa saa ya ukutani, mwaka uliofuata seti ya masufuria, ambayo ilileta ugomvi kuliko mafundisho ya ubatizo. Safari hii zamu ilikuwa ya Louisville, katika ukumbi wa kupanga wanamosali, kule Shively, na mzee wetu aliahidi kwamba kwa mara ya kwanza kwaya ya watu wazima itapata kombe.

Makombe yenye kasoro tunaruhusiwa kuyachukua. Hili alilolichukua mzee lilikuwa na kiputo cha dhahabu kwenye kisigino cha sanamu. Sanamu yenyewe ni mwanamke mwenye gauni refu, ameinua mikono yote miwili, kichwa kimelala nyuma, macho yamefumba. Mzee aliona mama anayeabudu. Kwenye kibao palikuwa na zile herufi nne, mwaka, na maneno machache ya Kiingereza ambayo mzee aliyatafsiri bila kosa hata moja: Watu Wazima, Kundi Bora.

Anayetoka kwenye makanisa yetu ameshaelewa. Tuna kwaya ya watoto, kwaya ya vijana na kwaya ya watu wazima. Na neno hilo la Kiingereza, adult, tunaishi nalo: shule ya jioni ni ya watu wazima, kituo cha kutunza wazee anakofanya kazi mke wangu ni cha watu wazima. Kwetu mtu mzima ni mtu wa heshima zake. Anayevuka mpaka huitwa mtu mzima ovyo, na hapo maneno huwa yamekwisha. Hakuna aliyetuonya kwamba Mmarekani akilibandika neno hilo kwenye filamu, ana maana ya hao wa ovyo.

Tulikwenda kwa gari la mzee, yeye na mimi, katibu wa makanisa haya matatu. Tuliposimama Columbus kujaza mafuta, alifungua mlango wa nyuma, ambako kombe lilikuwa limefungwa mkanda kama abiria, akafunua kitenge.

"Katibu, tazama. Maneno yamekuja yameandikwa tayari. Hata kuchonga sikuchonga. Huu si mkono wa Bwana?"

"Ni zuri, Mzee."

"Mbona umelitazama kidogo tu?"

"Jua, Mzee. Linaniwakia machoni."

Kutoka pale hadi Louisville ni zaidi ya saa tatu, nami nilizimaliza nikitafuta pa kuanzia. Kila njia ilipitia swali moja: ulijuaje? Nilikuwa na jibu safi kabisa, la kazini, lenye karatasi. Lakini nilimjua mzee. Angeuliza kama televisheni ile nilitoka nilipoiona, au nilimaliza chakula changu. Nilimaliza chakula changu, tena siku hiyo kulikuwa na kuku.

Basi Louisville wakashinda, kama ilivyoandikwa. Kombe likapitishwa mkono kwa mkono, nami nikasimama kando na daftari langu nikitazama nyuso. Akina mama walilibusu. Vijana wa chuo waliokaa nyuma waliinama wote kwa pamoja kama watu waliodondosha funguo, na mmoja mabega yakawa yanamtikisika. Mchungaji akasema Roho ameshuka. Wanaume walisoma kibao. Wengine walisoma na kulipitisha. Wengine walisoma, wakasoma tena, kisha wakashikwa na hamu kubwa ya kutazama dari. Niliacha kuwahesabu watazama dari nilipofikia safu ya wazee.

Aliyesema ni mwalimu wa kwaya ya Columbus. Ni Mtanzania, anasomea udongo chuo kikuu, amepanga chumba karibu na maabara yake. Mchumba wake anaimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo hiyo ya Louisville iliyoshinda. Ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili, na utaratibu wetu unataka tatu. Tangazo la tatu lilipangwa kusomwa kesho yake. Nilikuwa chumba cha nyuma nikisubiri saini ya mchungaji wa Louisville, Mkongo asiyeachana na Kifaransa, wakati mwalimu alipoingia na kufunga mlango.

"Mchungaji, samahani. Hilo kombe lisikae madhabahuni."

"Bon, mwalimu, mulishindwa. Mukubali tu."

"Si kushindwa, Mchungaji. Hizo herufi ni za sherehe ya filamu za ngono."

Mchungaji alilishusha kombe mezani taratibu, kama mtu aliyeambiwa sufuria ni ya moto.

"Donc, wewe ulijua je?"

Angeweza kusema amesikia kwa wanafunzi wenzake. Angeweza kusema amesoma gazetini. Angeweza hata kunigeukia mimi, mtu wa kiwandani, kama angejua. Lakini ni mtu wa maabara, amezoea kuandika anachokiona.

"Niliwahi kuziangalia. Kabla sijaokoka. Na mara moja baadaye."

Hiyo mara moja ndiyo iliyomponza. Asubuhi yake, mahali pa tangazo la ndoa lilisomwa tangazo la kuegesha magari.

Kamati ya wazee watano ilikutana kwa simu ya video, kila mmoja mjini kwake, mchungaji akiongoza, mimi nikiandika muhtasari. Baba wa bibi harusi alikuwa mmoja wa hao watano. Nilipouliza, kabla ya kikao kuanza, kama asikae pembeni, niliambiwa katibu kazi yake ni kuandika. Suala la kombe lilichukua dakika mbili: kibao kifunikwe kwa karatasi ya dhahabu, mama aendelee kuabudu. Mzee wetu wa Buffalo alisamehewa kwa kuwa hakujua, akalia kidogo, akaombewa. Suala la mwalimu, ambaye naye aliitwa kwenye simu hiyo, lilichukua saa moja na nusu.

"Uliangalia kwa simu ao kwa kompyuta?" mzee mmoja akauliza.

"Kuna tofauti gani, Mzee?"

"Tunatafuta mlango shetani alipitia."

"Kwa kompyuta."

"Ya shule ao ya kwako?"

"Ya kwangu."

"Na ulitazama mpaka mwisho?"

Ndipo baba wa bibi harusi, ambaye muda wote alikuwa anaonyesha paji la uso tu kwenye kamera, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Na sasa hata hazinaka hadithi," akasema. "Zamani, walau, kulikuwa ka hadithi kadogo."

Mmoja alizima kamera. Mwingine alisema mtandao unamsumbua, kwa sauti safi isiyokatika hata kidogo. Mwalimu alitazama chini, na namshukuru Mungu kwamba alitazama chini.

"Bon," mchungaji akasema. "Tuombe."

Tuliomba. Kisha nikaandika sentensi ile kama ilivyosemwa, na aliyeisema, kwa kuwa huo ndio muhtasari. Kwa uaminifu huo nilijisifu njia nzima ya kwenda kazini, mpaka nilipofika mezani pangu na kukuta karatasi za kufungashia. Mtu mmoja alikuwa anachunwa ngozi kwa kujua kitu ninachokijua mimi, na katika saa ile moja na nusu nilifungua mdomo mara moja tu, kuomba warudie jina la mtoa hoja.

Kwa katiba yetu, uamuzi wa kamati, hata ukiwa wa kusamehe, hauna nguvu mpaka muhtasari utiwe saini na wazee wote watano. Wanne wametia. Baba wa bibi harusi hupiga simu kila Alhamisi.

"Katibu, mwanangu, masikio yako yalisikia mubaya."

"Nina rekodi, Baba."

"Rekodi nayo inaweza kusikia mubaya."

Bila saini yake hakuna uamuzi, na bila uamuzi tangazo la tatu halisomwi. Mwalimu bado anakuja kanisani Columbus. Anakaa safu ya mwisho na haimbi, na kwaya yake imeanza kupotea kwenye sauti ya tatu. Yeye hajui kinachoisimamisha kesi. Anadhani wazee bado wanaipima dhambi yake. Sijamwambia, na wala sijawaambia wazee kuhusu karatasi zangu.

Jumapili iliyopita bibi harusi alinipigia kutoka Louisville. Hakuuliza habari za mchumba wake. Alisema baba yake hali chakula vizuri, na kila simu ikilia anatoka nje kuipokea. Kisha akauliza kama muhtasari wa kamati ni siri, au muumini yeyote anaweza kuomba kuusoma. Nikamwambia nitaangalia katiba.

Nimeiangalia. Haisemi.