Koili Shingoni mwa Mtoto

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, kwa simu ya bintiye. Binti hakulia. Alisema tu, "Shangazi, mama ametuacha asubuhi hii," nami nikajikuta naogopa kumwuliza lolote, kana kwamba jibu lake lingemwua mamake mara ya pili. Marehemu alikuwa nesi wa kina mama wajawazito katika zahanati moja ya Timbwani. Kwao ni bara ya Mariakani, na huko ndiko alikozikwa, kanisani kwao. Hatukuwa marafiki wa kupelekeana sahani za futari. Tulikuwa watu wa kuamkuana njiani na kujuliana hali. Lakini kuna mambo yaliyotufunga pamoja, na wiki hii sikuweza kuandika jingine kabla ya kuyasimulia.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, nayo imekaribia kutimia. Alikwenda zahanati akifuatana na mama mkwe wake, mwanamke wa asili ya Timbwani, mwenye heshima zake na ulimi wake. Nesi aliipokea picha ya tumbo, akasoma maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa chini yake, na kwa kuwa kina mama wengine walijazana barazani wakingoja, akasema kwa haraka, "Mtoto ana koili shingoni. Rudi kesho kutwa tusikilize mapigo yake." Kisha akamwita anayefuata. Wasomaji wangu wa kike mwaijua koili. Ni kile kidude cha kuzuia mimba ambacho mwanamke hutiwa kwenye kizazi. Mama mkwe alisimama palepale mlangoni. "Koili? Kumbe ulitia koili, na mwanangu yuwangoja mtoto miaka yote hii?" Walirudi nyumbani hawasemezani.

Kesho kutwa ilipofika, hakwenda. Mumewe alinipigia simu kuniambia mkewe amejifungia chumbani na hataki kula. Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yote miwili juu ya tumbo. Alinivuta kanga nikainama. "Dada, ni kweli," akaninong'oneza. "Niliitia tulipooana, niliogopa kuzaa. Baadaye nikaenda kuitoa, nikaambiwa imetoka. Kumbe ilibaki kipande, kikapanda, na sasa kimemkaba mwanangu. Wallahi nimemwua mwenyewe."

"Acheza?" nikamwuliza.

"Sijui. Naogopa hata kumsikiliza."

Hofu yake ikaniingia mimi. Kiingereza nakijua, na maneno ndiyo yanayonilisha. Nilihisi kwamba huenda neno lile lilisemwa kwa maana nyingine kabisa. Lakini kuhisi si kujua, na mtoto aliyekuwa ndani ya tumbo lile hakuwa neno. Nilitoka nikaelekea zahanati, nusu natembea, nusu nakimbia, nikimwomba Mungu nimkute nesi yupo.

Nilimkuta. Nilipomweleza, uso wake ulibadilika. "Mimi nilisema koili?" "Ulisema." "Mungu wangu! Ndivyo ilivyoandikwa, nami nikasoma nilivyokuta." Alimwomba mwenzake amshikie zamu, akachukua kile chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto, tukaondoka. Tulipofika alivua viatu, akamwambia mama mkwe, "Shikamoo, mama," akaingia chumbani na kuketi sakafuni karibu na mdogo wangu, magoti yakagusana.

"Hakuna waya wowote ndani," akamwambia. "Nisikilize vizuri. Ni kitovu chake mwenyewe, ile kamba inayomlisha. Imejizinga shingoni zingo moja, basi. Watoto wengi huwa hivyo na huzaliwa wazima."

"Imemnyonga?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni.

"Haijamnyonga, mama. Kunyonga ni kukaza. Hii imejizinga tu, imelegea, kama mtandio wako ulivyokaa hapo shingoni. Na hilo neno koili, ambalo kwa Kiingereza ni zingo lolote, lilikuwa kosa langu mimi. Mkweo hana lolote."

Kisha akaweka chombo tumboni. Kimya. Akakisogeza juu, akakisogeza ubavuni. Niliziona chembe za jasho zikimtoka juu ya mdomo, nikaelewa kwamba naye alikuwa akiogopa kama sisi. Ghafla tukausikia, moyo mdogo uendao mbio. Mdogo wangu alijifunika uso kwa kanga. Mama mkwe aliketi kwenye kizingiti, hakuitaja koili tena hadi alipotangulia mbele ya haki. Kama aliijua siri ya mkwewe au hakuijua, alikwenda nayo. Na mdogo wangu ameniruhusu niyaandike haya.

Alijifungua wiki iliyofuata, mikononi mwa nesi yuleyule. Kichwa kilitoka na kitovu kimeizunguka shingo; nesi alipitisha kidole, akakilegeza na kukivua kama mtu avuaye mkufu. Mtoto alikuwa wa buluu, hakulia. Sijapata kusikia kimya kizito kama kile. Nesi alimsugua mgongo, akamsugua tena huku midomo yake ikitetemeka kwa sala, mpaka mtoto wa kike akatoa sauti, nasi sote tukalia pamoja naye.

Tangu siku ile kila tulipokutana nesi alinisimamisha kuniuliza maneno. Alitaka kujua tofauti ya kuviringa na kusokota, kupinda na kuzinga. Nikamwambia ninavyojua: njia hupinda, mkeka huviringwa, uzi husokotwa, chatu hujizinga. Mgeni anaweza kuyaona yote hayo kuwa umbo moja la kuzungukazunguka, lakini msikiaji hayasikii sawa. Mwambie mama kwamba kitovu kimejizinga, atakuuliza afanye nini. Mwambie kimesokotwa, ataanza kulia. Sisi wa Pwani twajisifu kwamba Kiswahili ni chetu, hata twamcheka mgeni akikosea. Na bado mtu wetu akifika dirishani kwa daktari hupewa neno asilolijua, akaitikia "ndiyo" kwa adabu, akaondoka nalo kama aliyebeba kaa la moto.

Mwezi uliopita, nesi alipokuwa amelazwa, nilimtembelea wodini. Alikuwa amekonda sana. Daktari alisimama miguuni pa kitanda akizungumza na mwenzake kwa Kiingereza, na yeye, aliyeisoma lugha hiyo maisha yake yote ya kazi, aliinua mkono. "Daktari, niambie mimi. Kwa Kiswahili, tafadhali." Daktari alisita, akavuta kiti, akatafuta maneno moja baada ya jingine, akamwambia. Nesi alilia kidogo. Kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa nguvu nisiyoidhania. "Naogopa, dada," akasema. "Lakini sasa nakijua ninachokiogopa."

Kuuliza si ujinga. Ukiambiwa neno usilolijua juu ya mwili wako au wa mwanao, usirudi nalo nyumbani. Simama palepale uulize hadi likufungukie. Nawe unayelitamka, usigeuke kabla hujamtazama usoni uliyemwambia. Hofu ya kukijua kitu ni nzito, lakini watu wawili huweza kuibeba. Ile ya kutojua, mtu hujifungia nayo chumbani peke yake.