Yai Lililokwama Mbele ya Mama Mkwe

Mpaka siku ile sikuwahi kukaa na mama mkwe wangu mahali pamoja kupita muda wa kusalimiana. Ndivyo nilivyolelewa: mwanamume hamkazii macho mama wa mke wake, hali naye sahani moja, na akikutana naye njiani anasogea pembeni ampishe. Watu wengi wa rika langu hapa Bujumbura wameshaacha mambo hayo. Mimi sikuyaacha, na yeye hakuyaacha. Kwa hiyo kila alipokuja kututembelea kutoka Uvira, nyumba yetu ndogo ya Mutanga Sud ilizidi kuwa ndogo. Akiingia sebuleni, mimi natoka kwenda uani. Akija uani, narudi sebuleni. Mke wangu alikuwa akitucheka.

Kuku wetu alikuwa zawadi yake. Alituletea wakati mtoto wetu alipozaliwa, kuku mweusi mwenye madoa meupe, na tangu hapo akawa anataga kwenye katoni kuukuu karibu na pipa la maji.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, mke wangu alikuwa kazini, kwenye depo moja kule Quartier Industriel, na mtoto alikuwa shuleni. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kamenge, lakini siku hiyo sikuwa na vipindi. Nilikuwa napiga pasi mashati yangu niliposikia kikohozi cha mama mkwe uani. Ndivyo alivyoniita siku zote. Hakuwahi kutaja jina langu.

Nilitoka, nikasimama mlangoni.

"Kuku iko na shida," alisema, akiuangalia ukuta.

"Shida gani, Mama?"

Alivuta kitenge chake mabegani. "Shida ya wanawake."

Kuku alikuwa amesimama kwenye kona, mwili wima, mkia chini, macho nusu yamefumba. Kila baada ya muda mfupi alijikaza, mkia ukapanda na kushuka, kisha akabaki amefungua mdomo kama anayetafuta hewa. Hata mimi nilielewa. Yai lilikuwa limemkwama. Nilijua pia kwamba nikisema neno hilo mbele yake nitakuwa nimezungumzia mambo ya uzazi na mama mkwe wangu. Nikampigia mke wangu simu.

Niliweka sauti ya juu, nikaishika simu katikati yetu.

"Mama, ni yai?" mke wangu aliuliza.

"Ni yai. Tangu asubuhi anajikaza."

"Basi mwambie afanye nini."

"Mwambie apashe maji. Isikuwe ya moto sana."

"Umesikia?" mke wangu aliniuliza.

"Nimesikia," nilijibu, nikiitazama simu.

"Mwambie alete na mafuta ya mawese."

"Umesikia?"

Tulikuwa tumesimama karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zake, lakini maneno yake yalienda kwanza hadi Quartier Industriel ndipo yakanirudia. Kisha nikasikia mtu akimwambia mke wangu kwamba bosi anamwita. "Patron ananitafuta," alisema. "Muongee wenyewe tu." Akakata.

Nilikwenda kupasha maji, nikafurahi kuwa na kazi jikoni. Lakini beseni pekee lililotosha lilikuwa lile ambalo mama mkwe alikuwa akiogea. Nililikuta limeegemezwa ukutani, bado lina matone. Nilisimama mbele ya beseni hilo kama mwizi. Sikuweza kulishika wala kumuuliza.

"Lete ile," alisema kutoka nyuma yangu. Alikuwa ameona.

Tulimweka kuku ndani ya maji ya uvuguvugu, yakamfika tumboni. Mwanzoni alipiga mbawa, kisha akatulia na kufumba macho. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akamshika mabawa. Mimi nilichuchumaa upande wa pili. Hakukuwa na mahali pa kuweka macho. Nikitazama mbele namwona yeye, nikitazama chini naona miguu yake. Nikaangalia maji.

Maji yalipoanza kupoa, alimtoa, akamlaza mapajani juu ya kitenge, sehemu ya nyuma ikielekea kwangu.

"Vidole vyangu vilikufa," alisema, akinionyesha mkono uliojikunja. "Ni we utafanya. Paka mafuta."

"Wapi, Mama?"

Naapa sikuuliza kwa ujinga. Ulimi ulinitangulia tu. Uso wote ulinichoma.

"Pale anatagia," alijibu kwa sauti ya chini.

Nilichovya kidole kwenye mawese. Alinielekeza polepole, macho yake juu ya paa la jirani. "Usisukume kwa nguvu. Likivunjikia ndani, atakufa. Zungusha kidole pembeni. Sasa kwa mkono mwingine, hapo tumboni, bonyeza kidogo. Ngoja yeye ajikaze. Akijikaza, we unamsaidia. Akipumzika, na we pumzika." Jasho lilinitiririka hadi puani na sikuwa na mkono wa kulifutia. Niliona weupe wa ganda. Ukarudi ndani. Ukaonekana tena.

Halafu likatoka kwa ghafla, yai lililopinda, lenye ganda jembamba na la mikwaruzo, na nyuma yake maji machafu yakamwagika juu ya kitenge cha mama mkwe.

Nilinyakua kitambaa, nikaanza kufuta. Nilifuta kwa bidii, kama ninavyomfuta mwanangu akimwagikiwa na uji, na nilikuwa nimeshafika mbali nilipotambua kwamba mkono wangu uko juu ya goti la mama wa mke wangu.

Niliuondoa kama uliogusa jiko. "Unisamehe, Mama," nilisema. "Unisamehe." Nikainuka niondoke, niende popote, hata barabarani.

"Kaa," alisema.

Nikakaa chini, kwenye saruji iliyolowa. Kuku alikuwa bado mapajani mwake, akihema. Alimpapasa shingo kwa mkono wake uliojikunja.

"Bibi yako alizaliwa ndani ya shamba la mihogo," alisema. Kwetu mke huitwa bibi. "Tulikuwa tunakimbia vita. Bwana wangu alikuwa Kalemie, kazini. Nilikuwa na baba mukwe tu. Wanawake wengine walikuwa wameshatangulia. Uchungu ukanishika, mutoto akakataa kutoka. Ule muzee alinishikilia mpaka giza ikaingia. Ni yeye alimutoa. Alikata kitovu na kisu yake ya kumenya mihogo."

Nilikunja kile kitambaa kilicholowa.

"Tulifika salama. Lakini kutoka siku ile hakunisalimia tena. Nikiingia, anatoka. Nilikuwa nampikia, anatuma mutoto achukue chakula. Alikufa bila kunitazama. Mi nilitaka kumuambia asante, hakunipa nafasi." Alimkabidhi kuku mikononi mwangu. "We usinifanyie vile."

"Ndiyo, Mama," nilisema. Neno hilo nilimwambia kuku.

Tulimweka kwenye katoni, tukamletea maji na ndagala, yaani dagaa, zilizosagwa, ili maganda ya mayai yapate nguvu. Jua lilipopungua alikuwa anakula.

Mke wangu aliporudi alituuliza mambo yalikwendaje. "Amepona," alisema mama yake. Nami nikasema, "Amepona." Chakula kilipowekwa nilianza kuchukua sahani yangu kwenda nje kama kawaida, mama mkwe akasema, "Mukwe wangu akule hapa." Mke wangu alinitazama akiwa ameshika upawa hewani. Nikakaa. Sikumbuki nilikula nini. Nilitazama sahani mpaka mwisho, na nilipoombwa chumvi niliipitisha bila kuinua kichwa.

Alipoondoka nilimbebea begi hadi kwenye basi dogo la Gatumba, ili avuke mpaka wa nchi aende kwake Uvira. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa: nitamtazama usoni, nitamwambia safari njema kama mtu na mama yake. Alipanda, akakaa dirishani, akaninyooshea mkono ule uliojikunja. Niliupokea kwa mikono yangu miwili.

"Safari njema, Mama," niliuambia mkono, na gari likaondoka.